Mwasumini wa Katibu

Asubuhi hiyo Fundi alimkuta mumewe amelala fofofo, mkono wa kulia umepanda juu ya kichwa, umepenya kando ya pazia, na vidole vimejizungusha kwenye nondo ya dirisha kama mtu anayeogopa kitanda kitaondoka bila yeye.

Alicheka. Mumewe hakuwa mtu wa kulala hovyo. Alikuwa katibu wa kamati ya wakazi wa jengo lao, na hata usingizini alijipanga kama faili: chali, mikono ubavuni, shuka imenyooka kifuani. Jengo zima lilimwita Katibu, mkewe akiwemo. Yeye naye alimwita mkewe "bibie" wakiwa na amani, na "Fundi", kama wateja wake wa nguo walivyomwita, wakiwa na ugomvi.

"Katibu, amka. Safari ya wapi?"

Ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja, na kila alichokifungua kilirudi polepole kukitafuta chuma. Vilikuwa baridi, vyenye unyevu. Na chumba kizima kilinukia asumini.

Hapo kicheko kikamkauka mdomoni, maana bustanini mwa jengo asumini haikuwepo tena. Iliuawa wiki iliyopita, na aliyeiua ndiye huyu aliyelala.

Bustani ya pamoja ilikuwa mbele ya jengo: kipande cha ardhi, kamba za kuanikia nguo, na mwasumini mmoja mkubwa uliotambaa ukutani hadi chini ya madirisha ya ghorofa ya kwanza. Hakuna aliyejua nani aliupanda. Ulikuwepo kabla ya mpangaji wa kwanza, ukanukia jioni, ukamwaga maua meupe kwenye ngazi, na kwa muda wa miaka ukakimeza kibao chenye namba ya jengo. Ikawa taabu. Mkaguzi wa manispaa alikuja, akazunguka mtaa mara kadhaa, akaandika ripoti kwamba jengo halipo. Barua ikafuata, ikielekezwa kwa wakazi wa jengo hilo lisilokuwepo, ikiwataka watoe maelezo kwa nini halionekani.

Kamati ilikaa. Wengine walitaka matawi yapunguzwe tu. Mwenyekiti, mkuu wa ghala mstaafu ambaye kwa siku nyingi alikuwa akiliona moyoni gari lake likipumzika mahali pale, alitaka mmea utoweke. Ukapita uamuzi: ukatwe hadi shinani, kisha shina limwagiwe maji ya moto lisichipue tena. Na kwa moyo wa ushirikiano, kila nyumba itoe birika moja la maji yanayochemka. Kazi ya kumwaga akaachiwa Katibu, kwa kuwa ghafla wajumbe wengine wote waliumwa mgongo.

Alimwaga wakati wa magharibi, birika baada ya birika, huku watu wakitazama madirishani. Fundi alikuwa amesimama naye. Aliuona mvuke ukipanda ukutani, ukifuata kila njia ambayo matawi yalikuwa yamepita, na akasikia sauti, nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.

"Umesikia?"

"Mvuke, bibie," alisema Katibu, akifuta miwani. "Maji ya moto yana sauti zake."

Sasa mikono yake ilikuwa inatafuta nondo usingizini.

Siku zilizofuata ikawa mikono yote miwili. Halafu akaacha kwenda kazini. Hakusema anaumwa, aliketi tu dirishani, na uso wake ukalifuata jua, asubuhi upande huu, jioni upande ule, bila yeye kuonekana kuugeuza. Chakula alikisogeza kando. Maji alikunywa kwa jagi, amesimama, amefumba macho. Daktari alimpima kila kinachopimika, akaandika kwamba ni uchovu wa majukumu, akampa vitamini na ushauri wa kupunga upepo.

Fundi alishona, kwa sababu nguo za watu hazingoji, lakini alishona mgongo ukiwa ukutani. Nyuzi zilikuwa zikitoka kwenye vibweta vyake zenyewe. Alizikuta zimezungushwa kwenye miguu ya viti, kwenye kitasa cha mlango, kwenye gurudumu la cherehani, zote kwa upande mmoja, kwa ustadi ambao yeye mwenyewe asingeuweza. Ndani ya ukuta kulikuwa na mchakacho, kama majani makavu yakitafuta pa kupita. Na harufu mbili zilipokezana chumbani: asumini mbichi, halafu, ghafla, majani yaliyochemshwa yakasahauliwa jikoni.

Wifi yake, dada mkubwa wa Katibu, alikuja na kelele zake za kawaida, akamsukuma Fundi mlangoni kwa bega.

"Wifi, umemfanya nini ndugu yangu? Nilikupa mwanamume, unanirudishia pazia!"

"Mchukue, wifi, kama unamtaka. Ila umtafutie dirisha."

"Utani wako mkavu kama mapishi yako." Akamwendea ndugu yake pale dirishani. "Wewe, Katibu! Dada yako hasalimiwi?"

Alimshika begani. Mkono wa Katibu ukainuka taratibu, ukaupata mkono wa dada yake, vidole vikaanza kuuzunguka, kiganja, kifundo, mkono wa juu, bila haraka na bila chuki, kama kitu kinachopima mahali pa kupandia. Uso wake haukumtazama hata mara moja. Wifi hakupiga kelele. Fundi alipomnasua, alikuwa amejibana mdomo kwa mkono wa pili na machozi yanamtiririka.

"Mwilini mle hayumo ndugu yangu peke yake," alinong'ona wakiwa jikoni, mlango umefungwa. "Wewe umelala naye hivyo?"

"Nitamwacha wapi, wifi?"

"Jana usiku je?"

Fundi akateremsha kitambaa shingoni, akamwonyesha alama: mstari mwembamba, mwekundu, umezunguka shingo yote, upande uleule wa nyuzi.

"Hakuwa ananikaba," alisema. "Alikuwa anatafuta pa kushika tu."

Kesho yake wifi akaja na mganga. Alikuwa mtu mfupi mwenye mkoba wa ngozi, ambaye zamani alikuwa karani wa baraza la migogoro ya nyumba, na alipenda kusema kwamba kazi haikubadilika sana. Alifukiza ubani, akasoma aliyoyasoma, akavuta kiti, akakaa mbele ya Katibu kama mtu anayefungua shauri.

"Wewe ni nani?"

Midomo ya Katibu ilifunguka. Sauti iliyotoka haikuwa moja. Zilikuwa nyingi na ndogondogo, zinasuguana.

"Wa ukutani."

"Hapa si ukutani. Huyu ni mtu, ana mke, ana dada, ana vikao."

"Nyumba yangu waliichemsha. Nikashika kilichokuwa karibu."

"Ulipewa notisi?"

"Sikupewa."

Mganga akamgeukia Fundi. "Mlitoa notisi?"

"Ilibandikwa ubaoni, pale ngazini."

"Ndani?"

"Ndani."

"Na yeye anakaa nje." Mganga akatikisa kichwa, kama aliyeziona kesi nyingi zikipotea kwa sababu hiyohiyo. Akamrudia Katibu. "Nyumba ikisimama tena, utatoka?"

Mchakacho ukapita ndani ya ukuta, ukazunguka chumba chote, ukarudi.

"Ikisimama," zilisema zile sauti.

Mlangoni mganga alimpa Fundi maelekezo kwa sauti ya chini. "Simfukuzi asiye na pa kwenda, mama; huyo ndiye anayeua. Ufufue mmea. Siku ukitoa majani, niite. Lakini kama shina limekufa, basi mumeo ndiye ukuta wake hadi mwisho."

Fundi alishuka bustanini jua likiwa bado kali. Kilichobaki kilikuwa kisiki cheusi, gome limejivua kama ngozi ya mtu aliyeungua. Akapiga magoti, akakwangua kwa ukucha. Kahawia. Akakwangua chini zaidi, kahawia. Akafukua udongo kwa vidole, akafika upande wa nyuma ulioegemea ukuta, mahali ambapo maji ya moto hayakufika vizuri kwa sababu Katibu, kwa unadhifu wake, hakutaka kuchafua rangi ya jengo. Akakwangua. Chini ya gome kulikuwa na ukijani mwembamba kama uzi.

Alipanda ngazi mbio, akauchukua mkasi wake wa kitambaa, ule ambao hata karatasi haukuwahi kukata na ambao Katibu alipoutumia kukata utepe wa zawadi, Fundi alinuna kutwa nzima. Kwa mkasi huo alikata kila kilichokufa, kidogo kidogo, hadi kwenye ubichi. Akaondoa udongo ulioungua, akatia mpya wenye samadi iliyopoa, akafunika kwa nyasi kavu, akatundika gunia upande wa jua. Maji alimwagia asubuhi, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa kwa kijiko.

Siku ya tatu Mwenyekiti alifika na mafundi wawili na mifuko ya saruji.

"Fundi, samahani sana. Azimio lilisema eneo lisawazishwe."

"Mwenyekiti, mume wangu anaumwa."

"Tunamwombea. Ila saruji haina uhusiano na afya."

Fundi alitaka kupiga kelele, kumwambia kila kitu, lakini alimfahamu mtu yule. Angeliunda jopo dogo la kuchunguza. Akameza mate.

"Azimio lilisema eneo lisawazishwe, sawa. Lilisema liwekewe saruji?"

Mwenyekiti akatafakari. "Saruji ni namna ya kusawazisha."

"Hiyo ni tafsiri mpya. Tafsiri mpya inataka kikao. Kikao kinataka katibu. Nyinyi mna katibu mwingine?"

Alijua hawana. Cheo kile kilikuwa na kazi nyingi na heshima kidogo, na kwa miaka yote hakuna aliyekigombea. Mwenyekiti alitazama saruji, akatazama kisiki, akamtazama mwanamke aliyepiga magoti na mkasi mkononi.

"Tutasubiri apone," alisema, na sauti ya mtu aliyeshindwa na kanuni zake mwenyewe haifichiki.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi bustanini, mchana cherehanini, jioni kumwosha mume aliyejizonga kwenye kila kilichosimama. Alilala sakafuni sasa, mbali na mikono yake. Kisiki kilikaa kimya hadi Fundi akaanza kukisemesha. Alikitukana, akakibembeleza, akakisimulia habari za wateja wenye viuno vinavyobadilika kila wiki. Na asubuhi moja, kwenye ule ukijani, akaona kinundu chekundu, kidogo kama kichwa cha pini. Alikaa chini kwenye udongo, akalia kwa sauti, nguo zote za jirani zikipepea juu yake.

Kinundu kikawa jani. Jani likawa mawili, likawa kitawi kinachonyoosha kichwa na kutafuta. Fundi akakifungia uzi wa cherehani ukutani. Juu, dirishani, vidole vya Katibu vililegea, na ule mchakacho wa ukutani ukashuka kila siku kidogo, ghorofani, ngazini, hadi ukawa unasikika karibu na ardhi. Akamwita mganga.

Ilikuwa alasiri, Katibu amelazwa kitandani. Wifi alimshika Katibu mabega, Fundi akamshika miguu, mganga akafungua dirisha lote na kusimama pembeni ili kuacha njia.

"Nyumba yako imesimama," alisema. "Mimi nimeiona, ina majani. Ulichokiahidi kimefika wakati wake. Toka."

Hakuna kilichotokea. Kisha ubani ukaacha kupanda, ukalala mezani kama kitambaa, na mchakacho ukaanza, si ukutani sasa bali kifuani mwa Katibu, ukapanda kooni, na mwili wake ukakaza hadi kitanda kikalia, na harufu ya asumini ikajaa, nzito, tamu kupita kiasi, na chini yake ile nyingine ya majani yaliyochemka, na mganga akarudia toka, toka, toka, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, na Fundi akahisi, kwa viganja vyake vilivyoshika miguu ya mumewe, kwamba ndani ya mwili ule kulikuwa na wawili wanaovutana, mmoja amejizungusha kwenye kila mfupa na kila mshipa kama uzi kwenye gurudumu la cherehani, na mwingine hana pa kushika, anateleza, anateleza, na akataka kusema kitu, akataka kumwambia mganga angoje kwanza, lakini mganga akapaza sauti ya mwisho na upepo ukatoka pale kitandani, ukawapita usoni, ukalipeperusha pazia kwa nje, na chini bustanini majani machache ya mwasumini yakatetemeka ilhali nguo kwenye kamba zimetulia tuli.

Katibu alifumbua macho. Aliwatazama mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama anayesoma majina.

"Mke wangu," alisema. "Nina njaa."

Wifi alianguka sakafuni akicheka na kulia. Mganga alikunja mkoba wake. Fundi alikwenda jikoni kupasha chakula.

Alipona kabisa. Alirudi kazini, akala, akalala kitandani mikono ubavuni. Kamati ilifurahi. Kikao kiliitishwa, hoja ya saruji ikasomwa, na Katibu akaandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, bila kumsahihisha mtu. Mwenyekiti alitoka akimsifia Katibu kwa Fundi: ugonjwa umemtuliza mwenzio, amekuwa msikivu. Saruji iliwekwa mbele ya ngazi, hatua mbili kutoka kwenye mwasumini, kwa maelewano. Na gari la Mwenyekiti likapata pa kupumzika.

Nyumbani pia alikuwa mpole. Cherehani ikipiga kelele wakati wa taarifa ya habari, hakuguna. Hakuuliza chumvi imekwenda wapi. Alimtazama Fundi akishona, kwa muda mrefu, akitabasamu. "Mke wangu," alisema kila mara. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwita hivyo. Fundi alijiambia kwamba mtu akirudi kutoka mbali hurudi na adabu. Alijiambia hivyo akiwa ameshika mkasi, na alipogundua ameushika aliuweka chini.

Jambo moja tu: hakupita bustanini. Alizunguka na ukuta wa nyuma, kwenye mapipa ya taka, hata mvua ikinyesha.

Jioni moja, kabla taa hazijawashwa, Fundi alikuwa anaufunga mwasumini. Ulikuwa umepita kimo chake sasa, mwembamba, na machipukizi yake hayakutulia. Alipitisha uzi, akapiga fundo.

"Limekaza mno hilo, bibie."

Alisimama vilevile, mikono juu. Hakugeuka, kwa sababu sauti haikutoka nyuma. Ilitoka kwenye majani, mbele ya uso wake, ndogo na kavu, na kabla haijasema ilikuwa imekohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu anayeomba nafasi ya kuchangia hoja.

"Katibu?" Ilikuwa pumzi tu.

"Sema taratibu. Dirisha liko wazi."

"Kwa nini uko huko? Kwa nini..."

"Mganga alisema toka." Majani yalitulia kidogo, kama kwa aibu. "Unanijua mimi. Agizo likitolewa na mwenye mamlaka, natekeleza. Nikatoka. Yeye hakutoka. Alishikilia."

Fundi aliweka paji la uso ukutani. Jani moja lilimgusa shavuni, baridi, likatulia pale.

"Namwita mganga kesho."

"Usimwite. Nikitolewa hapa sasa, sina pa kushika; mimi sijui kushika kama yeye. Niache nipande. Nifikie nondo za dirisha letu, niingie mwenyewe, halafu tutaona nani anatoka. Utahitaji kunimwagia kila siku. Na bibie, sikia. Asijue kwamba unajua. Kula naye. Cheka naye. Akikuita, itika."

"Nitalala naye?"

Machipukizi yote yalikuwa yamegeukia upande mmoja, juu.

"Mke wangu," ilisema sauti ya upole kutoka dirishani. Hakujua amesimama pale tangu lini. Uso wake haukuonekana vizuri kwa giza lililokuwa linaingia, ila tabasamu lilikuwepo. "Unazungumza na nani?"

Fundi alilegeza fundo. Aliuacha uzi mrefu kidogo, wa kutosha kupandia, akajipangusa udongo mikononi, akainua kichwa.

"Na mmea tu. Si unajua ninavyousemesha? Nakuja, mume wangu."

Sauti yake ilitoka laini, haikutikisika hata kidogo. Akaokota mkasi wake wa kitambaa, akaupenyeza ndani ya mkono wa gauni lake, akaanza kupanda ngazi.